Mashine Nzima Niliyoipiga Nyundo

Wiki iliyopita nilimpelekea mmoja wenu, vijana mafundi, simu yangu, pale kwenye vibanda vya kuchajisha karibu na soko la Baraka, anitazamie kwa nini sauti inakwaruza. Aliigeuza mara mbili, akanirudishia, akasema imekufa, kwamba walioiunda hawaipelekei tena programu mpya. Nikamjibu kwamba dakika chache tu zilizopita nilikuwa nazungumza kwayo na binti yangu aliyeko Uvira. Mkacheka wote kibandani. Nami nikacheka, maana mzee asiyekubali kuchekwa atazikwa na kinyongo chake. Lakini nilifika nyumbani na neno lile, imekufa, bado liko masikioni, na ndiyo sababu nimechukua kalamu.

Mnaniita Papa Mashini, na wengi wenu hamjui jina hilo lilitoka wapi. Kabla ya vita nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali kule Fizi, kwenye taipureta iliyokosa herufi moja. Nilikuwa naiacha nafasi yake wazi, kisha naijaza kwa kalamu. Vita vya kwanza vilipopita, kanisa lilifungua bureau, yaani ofisi ndogo, hapa Baraka ya kutafuta watu waliopotezana: mtoto kaokotwa njiani, mama kavuka ziwa kwenda Tanzania, baba hajulikani yuko msitu gani. Wakaleta kompyuta moja na kuuliza nani anajua kuchapa. Nikainua mkono. Ninyi mna vyeti vya Bukavu na Bujumbura ukutani. Mimi cheti changu ni mkono ule.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Shabani, mtengenezaji wa redio pale sokoni, ambaye naye hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Siku mashine ilipokataa kuwaka mara ya kwanza nilimkimbilia yeye, kwa sababu sikuwa na mwingine. Aliifungua kwa kisu cha mezani, akatazama ndani, kisha akamchomoa mjusi aliyekauka kama ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu. Ikawaka. Akaniambia umeme ni ule ule wa redio na uchafu ni ule ule, tofauti ni kwamba wenye kompyuta wanaogopa. Tangu siku hiyo sikuogopa, na pengine ingefaa niogope kidogo.

Mengi niliyojua yalitoka kwake. Vumbi huondolewa kwa unyoya wa kuku uliokauka, wala si kwa kitambaa, maana kitambaa huacha nyuzi. Kile kipande cha kumbukumbu kikigoma, kichomoe, usugue meno yake kwa kifutio cha penseli cha mwanafunzi, ukirudishe. Ninyi mngeandika kwamba kimeharibika na kuagiza kingine. Betri ya jenereta usiiache ikalala na njaa. Siafu wakiingia, usimwage mafuta ya taa, weka majivu kuzunguka miguu ya meza.

Ndani ya mashine mlikuwa pia na betri nyingine, ndogo kama kifungo cha shati, inayoishikilia tarehe. Ilipokufa hatukupata ya kuibadilisha hata Uvira, basi kila asubuhi mashine iliamka ikidhani tuko katika mwaka ambao yenyewe haijaundwa. Nikawa naiwekea tarehe kwa mkono kabla ya chai. Siku moja nikasahau, na watoto wote niliowaandika siku hiyo wakaonekana walipotea kabla ya kuzaliwa. Pasta, mkubwa wetu wa bureau, alicheka mpaka akafuta macho. Hicho ni kicheko cha mwisho ninachokikumbuka mle ndani kabla ya vita vya pili.

Sasa sikilizeni habari ya shimo, maana makosa yetu yote yalianzia hapo.

Nyumba nyingi za huku zilikuwa na shimo. Ukisikia risasi zinakuja kutoka upande wa Makobola, huna muda wa kufikiri, unafukia: mabati, cherehani, sahani za harusi. Lilikuwa na kanuni zake. Mahali pa mwinuko ambapo maji hayatuami, majivu chini kwa ajili ya mchwa, mkaa ndani ya kitambaa ili unyonye unyevu, na juu yake unapanda miti ya muhogo mikubwa ili udongo usionekane mpya. Mimi nilifukia kompyuta, kile kisanduku chenyewe, nikaifunga kwa turubai mara tatu, pamoja na cherehani ya mke wangu. Shimo lilikuwa dogo. Skrini ikabaki ofisini, na madaftari yetu ya majina yakabaki kabatini.

Tulikaa milimani juu ya Mutambala misimu miwili ya mvua. Tuliporudi, madaftari yalikuwa yamesokotewa tumbaku mpaka ukurasa wa mwisho. Skrini ilichukuliwa na mkubwa mmoja wa wanajeshi aliyedhani ni televisheni. Inasemekana alikaa mbele yake jioni tatu akingoja mpira, halafu akaagiza itupwe mlangoni kwa kanisa kwa hasira. Ilikuwa na ufa pembeni lakini ilionyesha.

Nikafukua. Niliianika mashine kivulini siku tatu, nikaipitisha unyoya, nikasugua meno kwa kifutio, Shabani akashika waya. Ikawaka, na majina yakatokea yote, kila mtoto na alama yake na mahali alipo. Nililia mbele za watu na sikuona haya. Cherehani ilikuwa imeliwa na kutu, na mke wangu hajanisamehe mpaka leo kwamba mkaa mwingi niliuweka upande wa mashine.

Hapo ndipo tulipopotea. Mtu wa mahali pengine angeona mashine imetoka kaburini akasema tumebahatika, tuandike nakala. Sisi tulisema daftari linavutwa tumbaku, mashine inafukiwa na kufufuka, basi karatasi ya nini? Tukaacha karatasi kabisa. Na mimi nikaacha jambo lingine bila kujua. Zamani nilikuwa nawajua watoto wale kwa moyo, yule wa Swima, yule mwenye kidole kimoja kifupi. Kwa kuwa mashine ilikumbuka, nikapumzika. Kichwa nacho kikipumzishwa hakirudi kazini kwa kuitwa mara moja.

Vita vikasemwa vimekwisha. Meli zikaanza kuwarudisha watu wetu kutoka kambi za Tanzania, wanashuka hapa Baraka na magodoro yao, na mlangoni petu kukawa na mstari tangu asubuhi. Kazi haikuwahi kuwa na maana kama miezi ile. Na katikati ya miezi ile ikaja barua.

Ililetwa na Madame Solange, fundi kutoka Bukavu, mwanamke mpole anayejua kazi yake, wala msimlaumu. Alitueleza kwamba kampuni iliyotengeneza programu ya kuendesha mashine zetu imetangaza kwamba mashine za umri ule haizihudumii tena. Hakuna dawa mpya dhidi ya virusi, hakuna marekebisho, hakuna wa kujibu maswali. Wafadhili nao wameamua kwamba mashine isiyohudumiwa haitaunganishwa na ile sahani ya setelaiti waliyotuwekea juu ya paa. Ametuletea mpya.

Nikamwambia hii ni nzima. Nikamwonyesha ikiwaka. Nikamsimulia habari ya shimo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema anaamini, ila huko mbali hakuna mtu anayeuliza kama ni nzima.

Akaitoa diski ya ile ya zamani, akaiunganisha na yake, akahamisha kila kitu. Kisha akasema diski yenyewe lazima iharibiwe, kwa sababu ina majina ya watoto na mahali walipo, na wako wenye bunduki ambao wangefurahi kujua watoto wasio na wazazi wanakaa wapi. Hilo lilikuwa kweli, tuliwaona wanaotafuta watoto wa namna hiyo. Alinionyesha kwenye mashine mpya faili letu: jina lake lipo, ukubwa wake upo. Programu ya kulifungua angeileta safari ijayo, kwani gari lilikuwa linamngoja lirudi Uvira mchana kweupe.

Nilipaswa kusema: nifungulie mtoto mmoja tu nimwone, ndipo nipige. Sikusema. Niliona aibu kuuliza mbele ya Pasta na watu waliokuwa mlangoni, mimi Papa Mashini, kama faili lenye jina na ukubwa linaweza kuwa tupu. Nikaichukua nyundo ya seremala, nikaiweka diski juu ya jiwe nyuma ya ofisi, nikaipiga mpaka Madame aliposema inatosha. Nikatia sahihi. Kisanduku chake nilikipeleka nyumbani na kuku akatagia ndani.

Mmekwisha kujua kilichofuata, ninyi ni mafundi. Programu yetu ya majina ilikuwa imetengenezwa na kijana mmoja wa Bujumbura kwa ajili ya mashine za zama zile, na kwa kuhofia wenye bunduki aliyafunga majina kwa kufuli la programu ile ile. Madame alipoileta, mashine mpya ilikataa kuipokea, na diski ya kutosha kisanduku cha zamani haikupatikana tena hata Bukavu. Tukalifungua faili kwa njia nyingine, tukaona alama tu, kama nyayo za kuku kwenye majivu. Yule kijana alikuwa amehamia Ulaya na anwani yake haikujibu. Niliiandikia kampuni kwa Kifaransa changu chote. Jibu lilikuja papo hapo, na halikuandikwa na mtu: bidhaa hiyo imefika mwisho wa maisha yake. Nimewaona watu wengi wakifika mwisho wa maisha yao katika nchi hii, na sikuwahi kuona ukitangazwa kwa adabu kiasi hicho.

Mama Faida alifika mvua za kwanza zilipoanza, watu wakipanda mahindi. Alikuwa mwanamke wa Swima, mrefu, asiyepoteza maneno. Siku ya kukimbia alisukumwa ndani ya mtumbwi akiwa na mtoto mchanga mgongoni, na Faida wake, mtoto wa kama miaka minne, akabaki ufukoni ameshika kitenge cha mwanamke mwingine. Yule mtoto mchanga alifia kambini ng'ambo. Alikuwa amebaki na Faida tu, na kwa kuwa kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kila aliyemsalimu miaka yote ile alimtajia mtoto huyo.

Alikaa kwenye benchi mbele yangu akasema, "Baba, minakuya kuuliza mutoto wangu. Banasema batoto bote biko mu mashini yako."

Nikamwomba alama. Akasema mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kovu la uji wa moto. Kovu lile nilikuwa nimeliandika kwa vidole hivi. Mwanamke mmoja mkulima alikuja, baada ya mashine kufukuliwa, kutangaza mtoto wa kike anayemlea, na nikaandika kovu la uji, mkono wa kushoto. Nilimkumbuka mwanamke yule mpaka rangi ya kilemba chake. Kijiji chake sikukikumbuka. Kilikuwa ndani ya mashine.

Ningemwambia hayo. Badala yake nilisema mashine iko Bukavu, inatengenezwa, mtoto wake nimemwandika, yuko hai. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Akauliza kama aanze kutembea vijijini huku tukingoja. Nikamkataza. Nilimwambia njia zina bunduki, na mashine ikirudi itatupeleka moja kwa moja mpaka mlangoni.

Basi akangoja. Alipata pembe katika nyumba ya shangazi yake, akauza ndagala sokoni, na kila siku ya soko alipita ofisini na harufu ya samaki mikononi kuuliza mashine imepona kiasi gani. Nikamwambia wanasubiri kipuri. Siku nyingine nikamwambia fundi anaumwa. Uongo una njaa, ukishaulisha mara moja unarudi kudai. Na mimi mwenyewe, Mungu ananiona, niliamini nusu yake. Nilikuwa nakaa na faili lile la nyayo za kuku kila jioni nikilijaribu hivi na vile, nikijiambia kesho litafunguka na hakuna atakayejua nilifanya nini nyuma ya ofisi. Sikumlinda yule mama. Nililinda jina mlilonipa.

Mahindi yakavunwa. Maharage yakapandwa, yakavunwa. Kiangazi kikaingia.

Aliyenikatiza ni Shabani, wakati huo amelala kitandani, kifua kimemzidi, nami nimekwenda kumjulia hali. Nilimweleza yote nikitarajia atanipa ujanja wa kufungua faili. Aliniacha nimalize, akasema polepole, "Redio ikikufa, unaambia mwenye redio: imekufa. Ataenda kutafuta ingine. We umemufunga huyu mama ku mulango ya duka yenye haina kitu."

Kesho yake nilimfuata sokoni. Nilimwambia mbele ya beseni lake la ndagala: mashine haiko Bukavu, niliivunja mwenyewe kabla hajashuka melini, na kijiji nimekisahau. Alimalizia kumfungia mteja samaki. Akafunika beseni, akamwomba jirani alitazame, akaniuliza kama miguu yangu inaweza mlima.

Tulipanda Fizi, tukaanza kuuliza kanisa kwa kanisa, Wakatoliki na Waprotestanti, bila orodha, bila faili, kwa mdomo: mtoto wa kike, kovu la uji, mkono wa kushoto. Nilishangaa watu wanavyokumbuka. Wanakumbuka nani alikuja na nani, alivaa nini, alikuwa analia au hakulia. Siku ya pili jioni tulifika Lubondja, na mwanamke wa nyumba ya tatu, kabla sijamaliza kusema mkono wa kushoto, akamalizia yeye.

Nyumba ilikuwa ya pili kutoka kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba na majani yameota kizingitini. Alitueleza kwamba Faida alikua vizuri pale, anasoma darasa la nne, mkali wa kuchota maji kabla ya wenzake. Familia ile iliondoka naye wenye silaha walipopita wakipora, ikashuka kuelekea Kalemie, na tangu hapo hakuna habari. Mama Faida akauliza ni lini. Yule jirani akasema maharage yalikuwa yamekwisha kuvunwa, ndiyo kwanza wanayapepeta.

Tulikaa kwenye kinu kilichopinduliwa mbele ya mlango ule. Aligeuka, akaniambia, "Baba, unihesabie. We njo mutu wa kuandika. Mi najuaka tu kuhesabu na mavuno. Kutoka siku nilikuya kwako, mupaka haya maharage, ni miezi ngapi mutoto alikuwa hapa?"

Nikahesabu. Mvua za kwanza, mahindi, palizi, maharage. Nikamwambia minane.

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena kwa vidole, polepole, nikitafuta mwezi hata mmoja wa kupunguza. Ilikuwa minane, kwa mtoto aliyekuwa mwendo wa siku mbili tu kwa miguu.

Vijana wangu, mtapewa mashine nzima mwambiwe ni maiti, na mtatii, kwa sababu mashine mpya ndiyo inayokuja na mshahara. Siwezi kuwazuia, wala sikuweza kujizuia mimi. Fungueni kwanza kile mlichohamisha, msome hata jina moja kwa sauti, ndipo mshike nyundo. Andikeni kwenye karatasi na muifiche penu. Na likiharibika jambo la mtu mikononi mwenu, mwambieni siku hiyo hiyo, hata kama mstari mzima mlangoni utasikia. Diski ile ilinichukua dakika chache kuivunja. Miezi minane ya mama yule niliivunja mimi, siku ya soko baada ya siku ya soko, na kwa kosa hilo hakuna kampuni ya kuiandikia barua.

Tulilala kwa yule jirani. Asubuhi Mama Faida alifunga kitenge chake, akachukua muhogo wa njiani, nami nikasimama kuchukua mfuko wangu niende naye Kalemie. Akaweka mkono juu ya mfuko ule na kuurudisha chini. Hakuwa na hasira usoni, na ningefurahi kuiona.

"Mashini ilikufa, sawa, bitu binakufaka," akasema. "Lakini ungeniambia siku ile ya kwanza, Baba, ningetembea."

Akashika njia ya Kalemie peke yake.